Anayekuchorea Hadithi Amekusoma

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Katika taarabu za pwani yetu jambo hilo hufanyika peupe. Mpenzi wa wimbo huinuka kitini, akamwendea mwimbaji kwa madaha, akamtuza fedha mbele ya kadamnasi, na mwimbaji akajua papo hapo kwamba maneno yake yamemfika mtu. Mwandishi wa hadithi hana bahati hiyo. Hutunga akiwa peke yake, husomwa na mtu aliye peke yake, na aghalabu hapati kujua ni neno gani lililomgusa nani. Je, yeye hutunzwa lini, na hutunzwa na nani?

Leo nataka kuzungumzia aina moja ya tunzo ambayo vijana wetu wengi wanaifahamu, ilhali sisi walimu wao hatuifahamu, na tunapoiona twaidharau. Nazungumzia mchoro ambao msomaji huuchora na kumpa zawadi mwandishi wa hadithi ya kishabiki.

Yafaa nieleze maneno kabla ya kuendelea. Hadithi ya kishabiki ni ile anayoitunga msomaji au mtazamaji kwa kuwatumia wahusika waliokwisha kubuniwa na mtu mwingine. Msomaji huyo hufika ukurasa wa mwisho wa riwaya lakini hakubali kuwa mambo yamekwisha. Hujiuliza: yule mhusika aliyetajwa mara moja tu alikwenda wapi? Mama yake shujaa alikuwa mtu wa namna gani alipokuwa msichana? Kisha hushika kalamu akajijibu. Mchoro wa kishabiki ni ndugu wa hadithi hiyo. Tofauti ni kwamba penseli au rangi imechukua mahali pa maneno. Ndugu hawa wawili hukutana pale msomaji anapoichora hadithi ya shabiki mwenzake na kumtunukia. Hapo anayetuzwa si mwandishi mashuhuri mwenye mchapishaji na wakili. Ni mwandishi mdogo, asiyelipwa, ambaye pengine wasomaji wake wote wangeenea katika dawati moja.

Si jambo geni

Wapo watakaodhani kuwa haya ni mambo ya watoto wa simu za mkononi. La hasha. Mwaka 1893 waandishi wawili wa Uingereza, Arthur Conan Doyle na J. M. Barrie, waliona mchezo wao wa kuimbwa, Jane Annie, ukianguka vibaya katika ukumbi wa Savoy jijini London. Barrie, ambaye baadaye alimbuni Peter Pan, alimpelekea mwenzake nakala ya kitabu. Katika kurasa tupu za kitabu hicho alikuwa ameandika kwa mkono wake kisa kifupi ambamo wale watunzi wawili waliofeli wanamwendea Sherlock Holmes, mpelelezi aliyebuniwa na Conan Doyle mwenyewe. Hiyo ilikuwa hadithi ya kishabiki, nayo ilitolewa iwe zawadi ya kumliwaza rafiki. Conan Doyle hakukasirika kuwa mhusika wake amechukuliwa. Aliihifadhi hadithi hiyo, na alipochapisha kumbukumbu za maisha yake mwaka 1924 aliitia humo, akaisifu kuwa ndiyo bora kati ya maigizo yote ya kazi zake.

Holmes huyo huyo anatufunza nguvu ya mchoraji. Wengi wetu tukimfikiria tunaona kofia ya mwindaji yenye vifuniko vya masikio. Kofia hiyo haikutoka katika kalamu ya mwandishi. Katika kisa kimoja cha mwaka 1891 Conan Doyle aliandika tu kwamba Holmes alivaa kofia ya kitambaa iliyombana kichwani. Mchoraji Sidney Paget, aliyepewa kazi ya kuvichora visa hivyo katika jarida la The Strand, ndiye aliyeamua ni kofia ya namna gani. Paget alilipwa, hakuwa shabiki wa kutoa zawadi. Lakini mfano wake unathibitisha kuwa anayechora hadithi hainakili. Huisoma, hukuta pengo, na hulijaza.

Desturi ya mashabiki kuandikiana na kuchoreana kwa wingi ilistawi Marekani baada ya mchezo wa televisheni wa Star Trek kuanza kuonyeshwa mwezi Septemba 1966. Mwaka uliofuata lilitolewa jarida la Spockanalia, lililoandikwa na mashabiki, kuchorwa na mashabiki, na kusomwa na mashabiki. Katika majarida ya aina hiyo bei ilikuwa ya kurudisha gharama za karatasi na uchapaji, na ujira wa kawaida wa mwandishi au mchoraji ulikuwa nakala moja ya bure. Nchini Japani, soko la majarida ya wapenzi liitwalo Comiket lilianza jijini Tokyo mwezi Desemba 1975 likiwa na vikundi 32 tu. Siku hizi huhudhuriwa na watu kwa mamia ya maelfu.

Intaneti ilipokuja, karatasi ilipungua lakini desturi ikabaki. Tangu mwaka 2003, kila Desemba, mashabiki hufanya mabadilishano yaitwayo Yuletide, ambamo kila mwandishi hupangiwa mtu wa kumwandikia hadithi iwe zawadi. Yapo pia mashindano yaitwayo Big Bang. Humo waandishi hutunga hadithi ndefu, wachoraji husoma muhtasari usio na jina la mwandishi, na kila mmoja huichagua hadithi atakayoichorea. Tazama uadilifu uliomo: mchoraji huchagua kwa mvuto wa kisa, si kwa umaarufu wa mtu. Na katika hifadhi kubwa ya kazi za mashabiki, Archive of Our Own, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009 na kutunukiwa tuzo ya Hugo mwaka 2019, mtu anapoweka kazi yake anaweza kutaja kuwa ni zawadi kwa fulani. Huyo fulani naye ana uhuru wa kuikataa. Nitalirudia jambo hilo la kukataa, kwa maana lina uzito.

Msomaji atauliza: haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, kwa sababu washairi wetu waliijua njia hii kabla Star Trek haijazaliwa. Neno takhmisi, lenye asili ya Kiarabu na linalohusiana na hesabu ya tano, ni jina la ushairi ambao mtunzi huchukua mishororo ya mtunzi mwingine, akaiongezea yake mpaka kila ubeti ukatimia mishororo mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, yule wa Al-Inkishafi, ndiye anayetajwa kuwa aliutia takhmisi wimbo unaonasibishwa na Fumo Liyongo. Hakuna aliyemwita mwizi. Kuongeza mishororo kulikuwa njia ya kusema: nimekusoma, nimekuelewa, na haya ndiyo yaliyozaliwa ndani yangu. Kadhalika Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na mwandishi wa hati, alikuwa pia fundi wa kuchonga na kuchora nakshi. Katika mkono mmoja maneno na mapambo yalikutana bila kuulizana nani mkubwa.

Kuchora na kuchorea

Mimi ni mtu wa isimu, na ninapotaka kulifahamu jambo huanza kwa kulichungua neno lake. Lugha yetu imelitenga tendo hili kwa herufi moja. Ukisema, "Amemchora mwandishi," umesema kuwa sura ya mwandishi imo karatasini. Ukisema, "Amemchorea mwandishi," umesema jambo jingine kabisa: katika karatasi pana kitu kingine, na mwandishi ndiye aliyekusudiwa. Kiambishi cha kauli ya kutendea kimemfungulia mtu mlango akaingia ndani ya kitenzi.

Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wanaweza kuichanganua sentensi hii: "Msomaji alimchorea mwandishi mhusika kwa penseli." Mhusika ni shamirisho kipozi, mwandishi ni shamirisho kitondo, penseli ni ala. Kila aliyehusika amepata nafasi yake. Lakini angalia kisichotajwa: hakuna bei. Ukitaka kuitaja bei huna budi kuongeza maneno mengine, na ukishayaongeza, sentensi si ya zawadi tena.

Utajiri wa msamiati wetu wa kutoa nao una funzo. Tuna zawadi, hidaya, tunu, tuzo, hiba na bahashishi. Kisha tuna hongo, rushwa na mlungula. Maneno hayo yote yanataja kitu kinachotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kinachoyatofautisha ni nia ya mtoaji na hali ya mpokeaji baada ya kupokea. Bahashishi hutolewa kwa aliyenitumikia. Hongo hutolewa ili nitendewe jambo. Tuzo hutolewa kwa sababu jambo jema limekwisha kutendwa. Mchoro anaopewa mwandishi wa kishabiki ni tuzo kwa maana hiyo: hadithi imekwisha kuandikwa na imekwisha kusomwa, wala mchoraji haombi kitu.

Hata hivyo, tusijidanganye kuwa zawadi haina uzito. Mwaka 1925 mtaalamu wa Kifaransa, Marcel Mauss, alichapisha insha mashuhuri kuhusu zawadi. Alionyesha kuwa katika jamii nyingi kutoa huandamana na wajibu wa namna tatu: wajibu wa kutoa, wajibu wa kupokea, na wajibu wa kurudisha. Wazee wetu hawakuhitaji insha hiyo ili wajue kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu. Lakini swali ni zuri: mwandishi wa kishabiki aliyechorewa arudishe nini? Jibu langu ni kwamba hurudisha hadithi. Huendelea kuandika, na huandika kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa sasa anajua kuna jicho linaloangalia. Niliona jambo hilo waziwazi katika daftari moja.

Daftari lililonyang'anywa

Miaka michache iliyopita, katika warsha ya walimu wa Kiswahili, mwalimu wa shule moja ya upili alinijia akiwa na daftari la kurasa 96. Alikuwa amewanyang'anya wasichana wawili wa kidato kimoja wakati wa masomo ya jioni. Mmoja alikuwa ametunga hadithi kutokana na Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996. Hakuandika juu ya Kongowea. Alimwandika mama, Zainabu Makame, mwimbaji wa Tanga, katika miaka ambayo riwaya haikuisimulia. Msichana wa pili alikuwa amemchorea mwenziwe picha tano kwa kalamu ya wino, na juu ya kila moja ameandika kwa nani na kwa hadithi ipi. Mwalimu alitaka ushauri wangu kuhusu adhabu. Kwa maoni yake, wa kwanza alikuwa ameiba na wa pili alikuwa amepoteza wakati.

Nilimwomba aniachie daftari hadi baada ya chakula cha mchana. Hadithi ilikuwa na sura tisa. Katika kila sura ambamo Zainabu alipanda jukwaani, mwandishi alitaja kuwa kwanza alifunga fundo katika pembe ya leso yake. Hakueleza kwa nini. Nadhani alipenda tu jinsi tendo hilo lilivyosomeka. Katika sura ya tisa alisahau kulitaja.

Mchoraji hakusahau. Picha ya tano haikuwa na mtu. Ilikuwa ni kamba ya kuanikia nguo, na juu yake leso tisa. Nane zilikuwa na fundo pembeni. Ya tisa ilikuwa wazi, pembe yake ikining'inia.

Chini ya picha hiyo mwandishi alikuwa ameandika kwa penseli maneno machache: "Sikuwa nimeliona. Ngoja niliandike." Na katika kurasa zilizofuata alikuwa ameianza sura ya kumi, ambamo msomaji anafahamu kuwa katika fundo Zainabu alikuwa akifunga sarafu za nauli ya safari aliyoitamani siku nyingi. Jioni ile ya mwisho hakufunga kitu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kukata tamaa ya kusafiri.

Walimu wenzangu, mimi nimesahihisha insha za fasihi kwa miaka mingi. Ni mara chache nimekutana na mwanafunzi aliyesoma matini kwa makini kiasi cha kugundua kitu kilichokosekana. Aliyekuwapo na akatajwa, kila mtu humwona. Asiyekuwapo huonwa na msomaji hodari peke yake. Msichana yule alikuwa amefanya uhakiki bila kutumia hata neno moja la uhakiki. Na mwenziwe alikuwa amefanya lile ambalo tunawaomba wanafunzi kila muhula walifanye, nao hawalifanyi: alikuwa ameirudia kazi yake akaiboresha, bila kushurutishwa na alama.

Mwalimu yule, kwa uungwana wake, alikubali kuwarudishia daftari lao. Lakini mashtaka yake mawili, wizi na upotezaji wa wakati, si ya kupuuzwa. Yanasemwa katika shule nyingi, kwa hivyo yanastahili majibu.

Je, ni wizi?

Wizi wa maandishi ni kuchukua kazi ya mtu na kuificha asili yake. Shabiki hufanya kinyume chake. Hutangaza asili kwa sauti, kwa kuwa hadithi yake haina ladha kwa asiyeijua ya kwanza. Msomaji asiyemjua Zainabu wa Walibora hawezi kuvutwa na Zainabu wa daftari. Kwa hivyo kimaadili shtaka hilo limeanguka.

Kisheria mambo yana mipaka, na mwanafunzi afundishwe mipaka hiyo mapema. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Walibora alitutoka mwezi Aprili 2020. Kwa hivyo kazi zake zitalindwa hadi mwisho wa mwaka 2070. Haki ya kuigeuza kazi yake kuwa kazi nyingine ni sehemu ya haki hiyo. Sheria inaruhusu matumizi ya haki kwa mambo kama vile utafiti, matumizi ya kibinafsi na uhakiki. Daftari linalopitishwa baina ya marafiki wawili halimdhuru mtu. Lakini siku wasichana wale watakapotaka kulichapisha na kuliuza, hawana budi kuwaendea wenye haki na kuomba idhini. Mgala muue na haki yake umpe.

Lipo jambo la pili la kisheria ambalo vijana wengi hawalijui. Mchoro nao una mwenyewe. Mchoraji akimpa mwandishi karatasi yake, ametoa karatasi, hakutoa hakimiliki. Mwandishi aliyezawadiwa picha hana ruhusa ya kuichapisha kwenye fulana na kuziuza, wala kuikata pembe yenye jina la mchoraji kisha akaisambaza. Mwenye kufanya hivyo ameigeuza hidaya kuwa mtaji, na amemnyima mwenziwe ujira pekee aliokuwa nao, yaani jina lake.

Je, ni kupoteza wakati?

Shtaka la pili ni gumu zaidi, kwa sababu lina chembe ya ukweli. Masomo ya jioni yana kazi yake, na mitihani haimsubiri mtu. Mwanafunzi anayechora wakati wa hesabu aambiwe aweke kalamu chini. Lakini kusema kuwa kazi yenyewe haina faida ni kutojua inavyofanyika.

Mchoraji wa kweli hasomi hadithi mara moja. Mara ya kwanza husoma kama sisi sote, akikimbilia mwisho. Mara ya pili husoma akitafuta vitu: nywele zimesukwaje, kovu lipo shavu la kulia au la kushoto, ni saa ngapi, mwanga unatoka dirishani au kwenye koroboi. Mwandishi akiwa ameandika, mchoraji hutii. Mwandishi akiwa amenyamaza, mchoraji huamua, na kila uamuzi ni tafsiri inayopaswa kupatana na kila kilichoandikwa. Kisha huja uteuzi wa tukio. Wachoraji wachanga hukimbilia kilele cha kisa, mahali pa upanga na machozi. Waliokomaa hutafuta tukio tulivu ambalo uzito wa kisa chote umelalia juu yake. Huo ndio umahiri ambao mitaala yetu inauita ufahamu wa kina, na wala haufundishwi kwa maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne.

Siku hizi umezuka mtihani mpya. Mtu anaweza kuiamuru mitambo ya akili unde imtolee picha ya hadithi ya rafiki yake kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai. Wachoraji wengi wamelalamika kuwa kazi zao zilitumiwa kuifunza mitambo hiyo bila idhini yao, na malalamiko hayo ni ya haki kusikilizwa. Mimi naongeza hoja nyingine. Thamani ya mchoro wa zawadi haiko katika uzuri wake. Leso zile tisa zilichorwa vibaya. Kamba ilikuwa imepinda na fundo moja lilifanana na ndizi. Kilichozifanya ziwe tunu ni saa alizozitumia mtu mwenye mambo mengine ya kufanya, akazitumia kumsoma mwenziwe. Picha iliyoagizwa kwa mashine inaweza kupendeza, lakini haithibitishi kwamba mtoaji alifika sura ya tisa.

Adabu za mtoaji na mpokeaji

Kwa kuwa desturi hii imo mikononi mwa vijana, na kila desturi ina adabu zake, naomba nizitaje chache.

Mchoraji, kwanza, amuulize mwandishi kama anaridhia. Wapo waandishi wanaomwona mhusika wao waziwazi akilini, na sura ngeni huwavuruga wasiweze kuendelea. Pili, mchoro si rungu la kusahihishia. Asimchore mhusika mweusi kwa rangi ya maji ya kunde kwa kuwa yeye ndivyo apendavyo, wala asimkondeshe aliyeandikwa kuwa mnene. Kubadilisha mwili wa mhusika bila ruhusa ni kumwambia mwandishi kuwa amekosea kumwona mtu wake. Tatu, akishatoa asidai. Asimwulize mwandishi kila siku sura inayofuata itatoka lini, kana kwamba ameiwekea amana. Anayedai baada ya kutoa alikuwa akikopesha.

Mwandishi naye, anapochorewa, ashukuru kwa maneno mahususi. Kusema tu kuwa picha ni nzuri ni sawa na kutosema. Ataje kitu alichokiona: mkono ulivyoshika mlango, kivuli kilivyoangukia uso. Mchoraji amethibitisha kuwa amesoma. Mwandishi naye athibitishe kuwa ametazama. Alitaje jina la mchoraji kila anapoionyesha picha. Na ikiwa hawezi kuipokea, kwa sababu ya maudhui yake au kwa sababu mtoaji anamtia hofu, akatae kwa upole na asione haya. Hapa ndipo umuhimu wa ile ruhusa ya kukataa niliyoitaja unapoonekana. Zawadi isiyoweza kukataliwa si zawadi; ni mzigo uliofungwa kwa karatasi ya rangi. Wasichana hasa waelezwe jambo hili, maana wapo watu wazima wanaotumia sifa na picha kuwa chambo kwa watoto wanaoandika mtandaoni.

Wito kwa walimu

Mtaala wa umilisi umeifanya sanaa, pamoja na sayansi ya michezo, kuwa mojawapo ya njia tatu ambazo mwanafunzi wa sekondari pevu anaweza kufuata. Hilo ni jema. Lakini nahofia kuwa tutawatenganisha wanaochora na wanaoandika, hawa chumba kile na wale chumba hiki, ilhali mafunzo bora yamo katika mlango unaoviunganisha vyumba viwili.

Napendekeza zoezi jepesi, lisilohitaji bajeti. Mwalimu wa fasihi awaambie wanafunzi wachague mhusika mdogo katika riwaya au tamthilia wanayoisoma, kila mmoja amtungie kisa cha kurasa mbili. Kisha wabadilishane. Kila mmoja asome kisa cha mwenziwe na kumchorea tukio moja, hata kama hajui kuchora, na nyuma ya karatasi aandike ni sentensi gani iliyomwongoza katika kila uamuzi. Mwisho, mwandishi apokee mchoro na aongeze aya moja kwenye kisa chake kutokana na alichokiona. Alama, ikiwa ni lazima zitolewe, zitolewe kwa ile aya ya mwisho na kwa maelezo ya nyuma ya karatasi. Ustadi wa mkono usipewe alama, ili asiyejua kuchora naye aingie bila hofu.

Tumezoea kulalamika kuwa vijana hawasomi. Huenda wanasoma, lakini wanasoma mahali ambapo hatukuwatuma, na wanasomana wao kwa wao. Basi mwalimu atakayekuta daftari la namna ile chini ya dawati asilichane. Alichukue ikiwa ni wakati wa kazi nyingine, alisome lote usiku, na kesho yake alirudishe akiwa na swali moja kwa aliyeandika na swali moja kwa aliyechora. Yawe maswali ambayo hawezi kuyauliza ila mtu aliyesoma.